Daftari la Mnyapara wa Piramidi

Hapana shaka wasomaji wetu wengi wamepata kuona picha ya piramidi kubwa ya Misri, yaani kaburi la Mfalme Khufu lililoko Giza, karibu na mji wa Cairo. Jengo hilo lilipokwisha, kimo chake kilikuwa futi 481, na kila upande wa msingi wake una urefu wa futi 756 hivi. Mawe yaliyomo yakadiriwa kuwa 2,300,000, na jiwe moja kwa wastani lina uzito wa tani mbili na nusu. Lilijengwa yapata miaka 4,600 iliyopita, na kwa muda wa zaidi ya miaka 3,800 halikupatikana duniani jengo lililolizidi kwa urefu.

Kazi kubwa namna hii haikosi kuzua maneno. Wako wasemao ya kuwa piramidi ilijengwa na watumwa waliopigwa mijeledi. Wako wadhanio kuwa ni kazi ya Waisraeli walipokuwa utumwani. Siku hizi wako hata wadaio kwamba wanadamu hawakuweza kazi hiyo, ila walisaidiwa na viumbe waliotoka katika nyota nyingine. Maneno hayo yote yalipata nafasi kwa sababu moja: hayakuwa yamepatikana maandishi ya mtu ye yote aliyekuwapo kazini.

Mwaka wa 2013 maandishi hayo yalipatikana. Hayakuwa ya mfalme wala ya kuhani. Yalikuwa daftari la mnyapara mmoja, jina lake Merer, aliyekuwa na watu 40 chini yake. Kazi yao ilikuwa kuchukua mawe ya piramidi kwa chombo, na katika daftari hilo imeandikwa kazi waliyoifanya siku kwa siku.

BANDARI ILIYOSAHAULIWA

Ajabu ya kwanza ni kwamba daftari hilo halikupatikana penye piramidi. Lilipatikana mbali nayo, katika pwani ya Bahari ya Sham, mahali paitwapo Wadi al-Jarf, yapata maili 75 kusini ya mji wa Suez. Nchi hiyo ni jangwa tupu. Mwingereza mmoja, Bwana John Gardner Wilkinson, alipita huko mwaka wa 1823, akaona mapango yaliyochongwa na watu katika mwamba, naye akadhani ni makaburi. Katika miaka ya 1950 Wafaransa wawili, Bwana François Bissey na Bwana René Chabot-Morisseau, walifika tena mahali hapo wakaanza kupachunguza, lakini vita vya Suez vya mwaka wa 1956 vilikatiza kazi yao. Basi pakasahauliwa mara ya pili.

Aliyepafufua ni Bwana Pierre Tallet, mtaalamu wa mambo ya kale kutoka Chuo Kikuu cha Sorbonne huko Paris. Alizifuata habari zilizoachwa na wale waliomtangulia, na mwaka wa 2011 yeye na wenzake walianza kuchimba. Waliyoyaona yalionyesha wazi kwamba hapo palikuwa bandari. Baharini lilikuwako gati lililojengwa kwa mawe, ambalo mkono wake wa kwanza una urefu wa zaidi ya futi 500; maji yakipwa, huonekana mpaka leo. Karibu na pwani zilipatikana nanga za mawe zipatazo mia. Na maili chache kutoka pwani yalikuwako yale mapango, yapata 30, ambayo kumbe yalikuwa maghala. Humo watu wa Khufu waliweka mitungi, kamba, na mbao za vyombo vyao, maana vyombo vilikuwa vikifunguliwa vipande vipande na kuhifadhiwa hata msimu wa safari ufike tena.

Msomaji aweza kuuliza, bandari ya jangwani na piramidi vina uhusiano gani? Uhusiano wake ni shaba. Siku zile Wamisri hawakuwa na vyombo vya chuma. Patasi za kuchongea mawe zilikuwa za shaba, nayo huisha makali upesi. Shaba hiyo, pamoja na vito vya feruzi, ilipatikana katika nchi ya Sinai, ng'ambo ya bahari. Kwa hiyo watu walewale waliochukua mawe waliweza kutumwa pia kuvuka bahari, nao walikwenda na maandishi yao. Safari zilipokwisha, milango ya maghala ilizibwa kwa mawe makubwa. Katika shimo lililokuwa kati ya mawe ya mlango wa ghala moja, Bwana Tallet na wenzake waliokota vipande vingi vya karatasi za mafunjo, vingine vidogo kama ukucha, na vingine vikubwa vyenye kusomeka vizuri. Ndizo karatasi za mafunjo zenye maandishi zilizo za kale kupita zote zilizopata kupatikana. Ukavu wa jangwa ndio uliozihifadhi.

KAZI YA SIKU KWA SIKU

Tarehe iliyomo ni jambo litakalowapendeza wafugaji. Wamisri wa zamani zile walitaja miaka ya mfalme kwa hesabu ya ng'ombe, ambayo serikali yao iliifanya, kwa kawaida, mara moja kila miaka miwili. Karatasi moja yataja mwaka uliofuata hesabu ya 13 ya ng'ombe katika utawala wa Khufu. Kwa hiyo wataalamu waliweza kujua ya kuwa ni kama mwaka wa 27 wa mfalme huyo, wakati piramidi yake ilipokuwa yakaribia kumalizika.

Daftari lenyewe limepangwa vizuri sana. Juu kabisa limeandikwa jina la mwezi. Chini yake kuna mstari uliogawanywa katika vyumba 30, kimoja kwa kila siku, na chini ya kila siku kuna safu mbili za maandishi. Kama Merer aliandika kwa mkono wake au alikuwa na karani katika kikosi chake, kazi ni ileile: kila siku ina habari yake, ya mchana na ya usiku.

Habari hizo ni fupi, wala hazina mapambo. Siku ya 25 ya mwezi mmoja, Merer na watu wake walishinda Tura ya Kusini wakikokota mawe, wakalala hukohuko. Siku ya 26 waling'oa nanga, chombo kimepakiwa mawe, na usiku wakalala penye Ziwa la Khufu. Siku ya 27 walisafiri kutoka ziwa hilo mpaka Akhet-Khufu, maana yake Upeo wa Khufu, nalo ndilo jina lililopewa piramidi yenyewe. Siku ya 28 asubuhi waliondoka kurudi Tura. Kisha mambo yakaanza upya.

Tura iko upande wa mashariki wa Mto Naili, yapata maili kumi kutoka Giza. Huko ndiko kulikochimbwa mawe meupe ya chokaa yaliyo mazuri kuliko mengine, nayo yalitumiwa kuivika piramidi kwa nje. Mawe mengi ya ndani yalichimbwa Giza kwenyewe, na mawe magumu ya matale yaliletwa kutoka Aswan, mamia ya maili kusini. Siku hizi piramidi yaonekana kama ngazi, kwa kuwa vazi lake jeupe lilibanduliwa baadaye na watu waliotaka mawe ya kujengea mji wa Cairo. Basi mawe ya Merer mengi hayapo tena mahali pake, lakini hesabu ya safari zake ipo.

Kutokana na daftari hilo, wataalamu wameona ya kuwa kikosi hicho kilikwenda na kurudi mara mbili au tatu katika kila siku kumi. Yakadiriwa kwamba chombo kimoja kilichukua mawe yapata 30 kwa safari, yaani tani 70 mpaka 80. Kwa hesabu hiyo kikosi kimoja cha watu 40 kiliweza kufikisha mawe 200 hivi kwa mwezi. Vikosi vinne vya namna hiyo vilifanya kundi moja la watu 160. Hapo ndipo hesabu ya ile piramidi, iliyowashangaza watu kwa maelfu ya miaka, inapoanza kueleweka. Yalikuwa makundi ya watu waliojua kazi yao, wakirudia safari ileile kwa miezi na miaka, chini ya usimamizi mzuri.

Juu yao walikuwako wakubwa. Merer amtaja Ankhhaf, ndugu wa mfalme kwa upande mmoja, kuwa ndiye aliyesimamia mlango wa lile Ziwa la Khufu walipopitia wenye mawe. Ankhhaf alikuwa akijulikana tangu zamani, na sanamu yake nzuri iko katika jumba la vitu vya kale huko Boston, Marekani. Ila hapo kwanza hapakuwa na aliyejua kwamba alikuwa na cheo hicho katika kazi ya piramidi.

POSHO NA HESABU ZAKE

Pamoja na daftari la safari zilipatikana karatasi za hesabu, zilizoandikwa kwa wino mweusi na mwekundu. Ndani yake vyakula vimepangwa katika safu: kiasi kilichotakiwa kuletwa, kiasi kilicholetwa, na kiasi kilichobaki kama deni. Ye yote aliyepata kuweka vitabu vya chama cha ushirika au vya ghala la mahindi atautambua mpango huo mara moja.

Posho haikuja yenyewe. Merer aandika kwamba mtu mmoja wa cheo kidogo, jina lake Idjeru, alipelekwa kwa chombo mpaka mji wa Heliopolis kuwaletea chakula, na baada ya siku chache akarudi na magunia 40 na mkate. Wakati huo wenzake walikuwa Tura wakiendelea kukokota mawe. Ni jambo dogo, lakini laonyesha kwamba wakubwa wa kazi walifahamu jambo ambalo kila mwenye kuajiri watu hulifahamu: kazi nzito haiendi kwa tumbo tupu.

Hayo yapatana na yale yaliyochimbuliwa penye piramidi. Tangu mwaka wa 1988 Bwana Mark Lehner, Mmarekani, amechimba huko Giza mji walimokaa wafanya kazi, mahali ambapo Waarabu hupaita Ukuta wa Kunguru. Yalipatikana majiko ya kuokea mikate, maghala, na mahali pa kulala. Na mifupa iliyochambuliwa yaonyesha kwamba ng'ombe, kondoo na mbuzi waliliwa kwa wingi. Tena mwaka wa 1990, karibu na hapo, farasi mmoja alijikwaa juu ya ukuta wa matofali uliofunikwa na mchanga, na kwa ajali hiyo makaburi ya wafanya kazi yakajulikana. Bwana Zahi Hawass, Mmisri, aliyachimba. Baadhi ya mifupa iliyozikwa humo ilikuwa imevunjika na kuunga sawasawa, dalili kwamba waliumia kazini wakatibiwa, wakaishi. Watu hao walizikwa karibu na kaburi la mfalme wao, na vyeo vyao vikaandikwa.

JE, WALIKUWA WATUMWA?

Sasa twaweza kurudi kwenye yale maneno ya zamani. Aliyesema kwamba watu laki moja walifanya kazi kwa zamu za miezi mitatu ni Herodotus, Myunani aliyezuru Misri katika karne ya tano kabla ya Kristo. Watu hupenda kumtaja kama shahidi, lakini yafaa tukumbuke kwamba kati yake na Khufu ilikuwa imepita miaka 2,000. Aliandika yale aliyoambiwa. Wataalamu wa siku hizi hukadiria idadi iliyo ndogo sana, kiasi cha watu 20,000 hivi kwa wakati mmoja, na wengine husema hata hao ni wengi mno.

Kuhusu Waisraeli, Biblia yenyewe haisemi kuwa walijenga piramidi. Kitabu cha Kutoka chataja matofali, na miji ya kuwekea akiba, Pithomu na Ramesesi. Piramidi ya Khufu ni ya mawe, nayo ilikuwa imesimama zaidi ya miaka elfu moja kabla ya zamani za wafalme walioitwa Ramesesi.

Walakini si haki kugeuza mambo na kusema kwamba kila aliyefanya kazi hiyo alikwenda kwa hiari yake na kwa furaha. Ufalme wa Misri uliweza kuwaita watu kazini, na aliyeitwa hakuwa na njia nyepesi ya kukataa. Katika hao walikuwako mastadi wa daima, na walikuwako watu wa vijiji waliokuja kwa zamu. Watu wa Merer walikuwa kikosi teule, kilichotumwa kazi za namna nyingi katika sehemu mbalimbali za nchi, na huenda walitunzwa vizuri kuliko wengine. Ila jambo moja limekuwa dhahiri. Watu walioandikwa siku kwa siku, wakaletewa posho kwa hesabu, wakatibiwa walipoumia na kuzikwa kwa heshima, hawafanani na lile kundi la watumwa wa mijeledi ambalo watu wameonyeshwa katika michoro na sinema.

NJIA YA MAJI

Daftari hili limefanya kazi nyingine pia. Leo Mto Naili uko maili kadhaa mashariki ya piramidi, na mtu asimamapo Giza haoni bandari yo yote. Merer lakini asema kwamba alifika karibu kabisa kwa chombo. Basi wataalamu walitafuta maji yaliyopotea. Mwaka wa 2022 walitoa habari za udongo waliouzibua chini sana huko Giza. Ndani yake walichunguza chavua ya mimea ya kale, nayo iliwaonyesha kwamba zamani za Khufu palikuwa na mkono wa mto wenye maji ya kutosha, na kwamba baadaye maji yalipungua. Mwaka wa 2024 Bibi Eman Ghoneim, mtaalamu aliyezaliwa Misri na kufundisha Marekani, pamoja na wenzake, walieleza habari za mkono mwingine wa Naili, wenye urefu wa maili 40 hivi, uliopita kando ya piramidi 31. Mkono huo sasa umefunikwa na mashamba na mchanga wa jangwa.

Ndiyo sababu safari za Merer zilifanywa wakati wa gharika ya mto, maji yalipojaa mpaka kwenye mifereji na maziwa yaliyochimbwa na watu. Maji hayo ya gharika yalitoka zaidi katika mvua za milima ya Uhabeshi, yakachanganyika na yale yateremkayo daima kutoka Ziwa Victoria. Chombo kilichopakia kiliteremka na mkondo. Kilipokuwa kitupu kilipanda mto kwa msaada wa upepo, kwa kuwa upepo wa Misri huvuma zaidi kutoka kaskazini. Wamisri hawakuwa na gari la moshi wala winchi. Walikuwa na mto, nao waliutumia kwa akili.

MFALME NA MNYAPARA

Khufu alijijengea kaburi kubwa mno ili jina lake lisipotee, na kweli halikupotea. Hata hivyo, sanamu iliyo nzima ambayo wataalamu wana hakika kuwa ni yake ni moja tu, nayo ni ya pembe ya ndovu, kimo chake inchi 3 hivi. Iliokotwa huko Abydos mwaka wa 1903 na Bwana Flinders Petrie, Mwingereza. Habari za maisha yake mwenyewe ni chache mno.

Merer hakujengewa kitu. Lakini twajua alilala wapi usiku wa siku ya 26, na chombo chake kilipakia nini, na nani alikwenda kuwaletea watu wake chakula. Twajua hayo kwa sababu mtu fulani, jioni baada ya kazi, ingawa huenda alikuwa amechoka, alichovya kalamu yake katika wino akaandika yaliyotendeka siku ile, bila kuongeza wala kupunguza. Baadhi ya karatasi hizo zilionyeshwa kwa watu katika jumba la vitu vya kale la Cairo mwaka wa 2016.

Wako makarani na wakulima wadhanio kwamba daftari la mahudhurio, la maziwa yaliyopelekwa kiwandani, au la magunia yaliyoingia ghalani, ni kazi ndogo isiyo na faida likisha kukaguliwa. Mfalme Khufu angaliweza kufikiri vivyo hivyo juu ya daftari la Merer. Lakini watu walipoanza kuwasingizia wajenzi wa piramidi, kwamba walikuwa watumwa tu, au kwamba hawakuijenga wao kabisa, kaburi lile kubwa halikuweza kuwajibia neno. Aliyewajibia ni mnyapara, kwa hesabu zake.